Chumvi iliyojificha ndani ya sandwichi ya kuku

Daktari alipomwambia Baba Salma kwamba presha yake imepanda na kwamba jambo la kwanza ni kupunguza chumvi, nilirudi nyumbani nikakiondoa kikopo cha chumvi mezani na kukiweka rafu ya juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mimi mwenyewe hulazimika kupanda kigoda ili kukifikia. Wali niliupika kwa nazi na hiliki, samaki nikampaka ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, na maharage yakawa yanapata chumvi ya kuonja tu. Kila Jumamosi asubuhi tulikaa mezani, nikamfunga mkanda wa kipimo mkononi, tukasubiri namba zitulie. Wiki ya kwanza namba ya juu ilizidi 150, wiki ya tatu bado ilizidi 150, na wiki ya tano Baba Salma aliuvua mkanda mwenyewe, akaukunja, akaniambia kwa upole, "Mama Salma, chumvi nimeacha. Labda hii ni ya kurithi."

Nilimwamini, kwa sababu chakula nilichokuwa nikikiona ni cha jioni peke yake. Sisi tunaishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, na yeye huendesha lori la mizigo kwenda Savannah na kurudi, siku tano kwa wiki, kwa hiyo chakula chake cha mchana hukinunua njiani. Nilipomuuliza anakula nini, alinijibu kwa moyo mweupe kwamba tangu siku ile ya daktari ameacha kabisa nyama ya ng'ombe, na kwamba sasa hununua sandwichi ya kuku. Hakuwa akinificha jambo. Kwa sisi tuliokulia Tanga, kuku ni chakula cha kumtunza mtu: mgonjwa huchemshiwa supu ya kuku, mzazi huchinjiwa kuku, na mgeni mwenye heshima hawekewi meza isiyo na kuku. Mume wangu alibadilisha nyama nyekundu kwa nyama nyeupe akiamini ametii, na mimi nilipomsikia nilifurahi, nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, kwa kuwa najua nyumba nyingi ambamo maneno kama hayo yamesemwa.

Kwanza nieleze ninachozungumzia. Hapa Marekani, mkate wa duara uliopasuliwa katikati ukawekwa kipande kizima cha kuku wa kukaanga huitwa sandwichi, na jina la baga huachiwa nyama ya ng'ombe iliyosagwa. Dar es Salaam na Nairobi kitu hicho hicho tungekiita baga ya kuku. Nitatumia jina la hapa, kwa kuwa takwimu nitakazozitaja ni za hapa.

Mfano wangu mkuu ni sandwichi ya Chick-fil-A, mtandao wa mikahawa ya kuku, kwa sababu ilizaliwa katika jimbo hili la Georgia na kwa sababu kampuni yenyewe huchapisha takwimu zake wazi. Mwanzilishi wake, Truett Cathy, alifungua mkahawa mdogo mjini Hapeville, kusini mwa Atlanta, mwaka 1946. Tatizo lake lilikuwa muda, kwa maana kipande cha kuku kilichukua muda mrefu jikoni kuliko nyama ya baga, na mteja mwenye haraka hangoji. Mwaka 1961 alipata kikaangio chenye kifuniko kinachobana mvuke, kilichoweza kumwivisha kuku kwa muda ule ule wa baga, na mwaka 1967 duka la kwanza lenye jina la Chick-fil-A lilifunguliwa katika jengo la maduka la Greenbriar, hapa hapa Atlanta. Maelezo ya chakula chenyewe ni mafupi: kidari cha kuku kisicho na mfupa, huchovywa katika maziwa na yai, hugaragazwa kwenye unga wenye viungo, hukaangwa kwa mafuta ya karanga, kisha huwekwa ndani ya mkate uliopakwa siagi na kupashwa moto, pamoja na vipande viwili vya tango la siki. Hakuna kitu cha kutisha katika orodha hiyo. Ni vitu ambavyo kila mpishi anavijua.

Kadi ya lishe ya sandwichi hiyo hubadilika kidogo kadiri mapishi yanavyorekebishwa, lakini kwa miaka mingi imezunguka hapa: kalori takriban 440, mafuta gramu 19 ambazo gramu 4 kati yake ni yale mafuta magumu yanayoganda, wanga gramu 41 pamoja na sukari gramu 6 ndani yake, protini gramu 28, na sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayohusika na presha, karibu miligramu 1,400. Kalori hizo unaweza kuzikokotoa mwenyewe ukiwa na kalamu. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanakemia Wilbur Atwater wa chuo cha Wesleyan, katika jimbo la Connecticut, alipima kwa miaka mingi nishati iliyomo katika vyakula, na kutokana na kazi yake tumebaki na kanuni inayotumika hadi leo, kwamba gramu moja ya protini hutoa kalori 4, gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Zidisha, jumlisha, nawe utafika 447, ambayo ni ile ile 440 ukiacha desimali zilizokatwa. Nilifanya hesabu hiyo usiku mmoja kwenye meza ya jikoni, baada ya Salma kulala, na ilinipa imani kwamba kadi inasema kweli.

Nitasema pia yaliyo mema, maana si haki kuyaficha. Protini gramu 28 ni zaidi ya nusu ya gramu 50 ambazo vibandiko vya vyakula hapa Marekani huzitumia kama kipimo cha siku nzima. Kidari ni sehemu ya kuku yenye mafuta machache sana: gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi na bila mafuta ya kuongeza zina kalori takriban 165, protini gramu 31 na mafuta yasiyofika gramu 4. Mtu anayefanya kazi ya kubeba mizigo, akila sandwichi kama hii bila chipsi na bila soda, hajala chakula kingi kupita kiasi. Kalori 440 ni chini ya robo ya zile 2,000 zinazotajwa kama mfano wa mahitaji ya siku. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya ubao wa menyu akasoma namba hiyo, akaona kwamba ni ya wastani, akaagiza, hakukosea hesabu. Alisoma alichoandikiwa.

Alichoandikiwa ndicho kinachonisumbua. Tangu tarehe 7 Mei 2018, kwa kanuni ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliyotokana na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, kila mkahawa ulio katika mtandao wa matawi 20 au zaidi unalazimika kuandika kalori za kila chakula kwenye menyu, kando ya jina au bei yake. Mambo mengine yote, yaani mafuta, sukari, nyuzinyuzi, protini na sodiamu, yanatakiwa kuwepo kwa maandishi, lakini mteja hupewa akiyaomba. Naiheshimu kanuni hiyo, kwa sababu kabla yake hata kalori hazikuwa zikionekana. Hata hivyo, maana yake ni kwamba mtu mwenye presha, ambaye daktari wake hakumtajia kalori hata mara moja, husimama mbele ya ubao mkubwa unaomweleza kalori kwa herufi za kusomeka kutoka mlangoni, huku namba anayoihitaji yeye ikiwa kwenye karatasi ambayo hajui kwamba ipo.

Tuiangalie basi namba hiyo. Miligramu 1,400 za sodiamu hazimwambii chochote mtu wa kawaida, na ningependa kadi hizi zitumie lugha ya jikoni. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi pamoja, na ili kupata uzito wa chumvi kutokana na uzito wa sodiamu unazidisha kwa mbili na nusu. Sodiamu miligramu 1,400 ni sawa na chumvi gramu tatu na nusu. Kijiko cha chai kilichojaa chumvi na kusawazishwa huchukua takriban gramu 6. Nilipanda kigoda, nikakiteremsha kile kikopo, nikapima gramu tatu na nusu kwenye mizani ninayopimia unga wa maandazi, nikaimwaga chumvi hiyo juu ya sahani nyeupe. Ilikuwa zaidi ya nusu kijiko. Baba Salma aliporudi nilimwonyesha sahani, nikamwambia hii ndiyo iliyomo katika mkate mmoja. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha aliuliza swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi: "Mbona mdomoni siisikii?"

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe sodiamu miligramu 2,000 kwa siku, yaani chumvi isiyofika kijiko kimoja cha chai. Vibandiko vya Marekani hutumia kikomo cha 2,300. Chama cha Moyo cha Marekani kinasema kwamba kiwango bora kwa watu wazima walio wengi, hasa wenye presha, hakizidi 1,500. Ukichukua kipimo hicho cha mwisho, ambacho ndicho kilichomhusu mume wangu, sandwichi moja inayoliwa saa sita mchana karibu inamaliza ruhusa ya siku nzima, kabla ya chipsi, kabla ya sosi ya kuchovyea, na kabla ya chakula changu cha jioni nilichokipika kwa uangalifu wote ule. Mwili ukipata sodiamu nyingi huzuia maji ili kuiyeyusha, damu inayozunguka huongezeka ujazo, na kuta za mishipa hubeba mzigo huo. Figo huitoa sodiamu taratibu, na kazi hiyo huwa rahisi zaidi mtu anapopata potasiamu ya kutosha kutoka kwenye mboga za majani, maharage, ndizi na viazi. Katika sandwichi yetu mboga ni vile vipande viwili vya tango, navyo vyenyewe vimelazwa kwenye maji ya chumvi.

Sasa nirudi kwenye swali la Baba Salma. Kuku mbichi hana chumvi ya kutajwa, kwani gramu 100 za kidari kisichoguswa zina sodiamu chini ya miligramu 80. Mkate wa duara wa kawaida huchangia mia mbili na ushee, kwa sababu waokaji hutia chumvi ili unga ushikamane na hamira isiende mbio, na mlaji haitambui kwa kuwa sukari iliyomo humohumo huifunika. Vipande viwili vya tango la siki huongeza karibu mia moja. Kwa makisio yangu, kinachobaki ni takriban miligramu 1,000, nacho kimeingia sehemu mbili: ndani ya nyama, ambayo katika biashara hii kwa kawaida hukolezwa au kulazwa katika maji yenye chumvi kabla ya kupikwa, na ndani ya unga wa nje.

Kulaza kuku kwenye maji ya chumvi si hila ya kumdhuru mtu. Chumvi hulegeza protini za nyama, nyama hunywa maji na kuyashikilia hata inapokutana na mafuta ya moto, na ndiyo maana kidari cha mkahawa huwa laini na chenye majimaji wakati kidari nilichokikaanga mimi mara ya kwanza kilikuwa kikavu kama gome. Unga nao unahitaji chumvi ili usiwe na ladha ya unga. Lakini chumvi iliyoingia ndani ya nyama haiugusi ulimi kama chumvi iliyonyunyizwa juu. Sehemu kubwa humezwa pamoja na minofu kabla ulimi haujaikuta, na iliyobaki huchanganyika na utamu wa mkate na uchachu wa siki. Mtu anayenyunyiza chumvi kwenye chipsi humwona mtu mzima anamkanya. Anayekula kuku aliyelazwa hakanywi na yeyote, hata na ulimi wake.

Watafiti waliopima jambo hili Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, walikuta kwamba takriban asilimia 70 ya sodiamu wanayoila watu huwa imeshawekwa ndani ya chakula cha viwandani au cha mikahawa kabla hakijamfikia mlaji, ilhali chumvi inayoongezwa mezani ni karibu asilimia 5 tu. Nilipolisoma hilo nilikikumbuka kikopo changu kule juu kabatini. Kwa wiki tano nilikuwa nimepigana na ile asilimia 5.

Ipo hesabu moja ambayo ningetamani kila mwenye mgonjwa wa presha aifanye. Mwezi Agosti 2019 Popeyes, mtandao mwingine wa mikahawa ya kuku, waliingiza sokoni sandwichi yao, watu wakapanga foleni, na ndani ya wiki mbili hivi akiba ikaisha nchi nzima hadi iliporudi mwezi Novemba. Sandwichi hiyo ina kalori takriban 700, mafuta gramu 42, na mafuta magumu gramu 14, kwa sehemu kwa sababu imepakwa mayonezi, na kijiko kimoja cha mezani cha mayonezi peke yake kina kalori karibu 100. Anayefuata ubao wa kalori ataiona 700, ataiona 440, atachagua 440, na kwa ajili ya uzito wa mwili wake atakuwa amechagua vizuri. Lakini sodiamu ya ile ya Popeyes ni takriban miligramu 1,440. Tofauti ya kalori ni 260, na tofauti ya sodiamu ni kama punje chache za chumvi. Ile ya McDonald's iliyotoka Februari 2021 ilikuwa na kalori 470 hivi na sodiamu zaidi ya 1,100. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuitembelea mikahawa yote, akapunguza kalori kwa theluthi moja na zaidi, na presha yake isipate nafuu yoyote, kwa sababu namba aliyokuwa akiifukuza siyo namba inayomuumiza.

Jiji la New York liliona upungufu huo. Mwaka 2015 liliagiza mikahawa yenye matawi 15 au zaidi kuweka alama ya kikopo cha chumvi ndani ya pembetatu kando ya kila chakula chenye sodiamu ya 2,300 au zaidi. Ni hatua ya busara, ila mstari umechorwa juu mno kwa chakula ninachokizungumzia: sandwichi yenye 1,400 haipati alama, na asiyeona alama huamini yuko salama.

Kuhusu mafuta sina mengi ya kusema, ingawa ndiyo yanayotajwa kwanza kila ninapozungumza na watu. Kipande cha kuku kikizamishwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 175 hivi, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, na zile povu tunazoziona ndizo mvuke huo unaoyazuia mafuta yasiingie. Mafuta mengi huingia kwenye gamba la nje pale kipande kinapotolewa na kuanza kupoa, kwa hiyo aliye na haraka ya kukichuja kikiwa bado moto hupata chakula chepesi zaidi. Mafuta ya karanga yana sehemu ndogo tu ya mafuta magumu, chini ya thuluthi, ukilinganisha na mawese ambayo karibu nusu yake ni magumu. Hata yale mafuta mabaya zaidi, yaliyogandishwa viwandani kwa haidrojeni, Marekani iliyaondoa kwenye vyakula vyake kwa amri iliyoanza kutekelezwa mwezi Juni 2018. Upande huu, sandwichi ya leo ni bora kuliko ile ya miaka ishirini iliyopita, na inastahili kusemwa hivyo.

Jirani yangu mmoja, mama kutoka Bukavu, alinisikiliza nikieleza haya tukiwa tunasubiri basi la shule, akaniuliza kama kuku wa hapa ana chumvi kwa asili yake. Swali lake lilinifanya nitafute kama chumvi hii ni lazima ya mapishi, na jibu nililipata katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada, uliolinganisha vyakula vya mikahawa ile ile katika nchi sita. Vipande vya kuku vya McDonald's, vile vidogo vya kuchovya, vilikuwa na chumvi gramu 1.6 katika kila gramu 100 hapa Marekani, na gramu 0.6 nchini Uingereza. Jina ni moja, picha kwenye boksi ni moja, na chumvi imepishana zaidi ya mara mbili na nusu. Waingereza walikuwa na mpango wa taifa wa kupunguza chumvi kidogo kidogo, na walaji wao waliendelea kula. Ndugu zangu walioko Dar es Salaam, ambako KFC ilifika mwaka 2013, miaka miwili baada ya Nairobi, wameniomba mara nyingi niwatumie takwimu za huku ili wazitumie huko. Siku hizi nakataa, na sababu yangu ni utafiti huo. Takwimu ya chumvi ni ya nchi iliyopimwa. Waiombe ya kwao, na waiombe kwa maandishi.

Wala sisemi kwamba jiko la nyumbani halina dhambi. Nimekua nikinusa kuku wa kukaangwa kwenye karai nyakati za jioni pale Ngamiani, kwenye Barabara ya Kumi na Mbili, na najua mkono uliokuwa ukimwaga chumvi haukuwa na mizani. Tena tumejizoesha vidonge vya mchuzi, ambavyo kimoja tu kinaweza kuwa na sodiamu ya miligramu 900 na zaidi, na mimi mwenyewe nilikuwa nikitia viwili kwenye pilau huku nikijisifu kwamba chumvi sijatia. Tofauti ninayoiona ni kwamba mkono wa nyumbani ni wangu, na nikijua ninaweza kuuzuia.

Baba Salma hakuacha sandwichi. Dereva wa lori hana anasa ya kuchagua mkahawa, husimama pale ambapo lori linaweza kuegeshwa, na sikutaka kumpa sharti ambalo barabara ingelivunja wiki ya kwanza. Alichofanya ni kuomba karatasi ya lishe kila anaposimama mahali papya. Mara nyingi vijana wa kaunta hawakujua ipo wapi, wakamwita msimamizi, na karatasi ikapatikana. Alizikunja akaziweka kwenye kisanduku cha mbele cha lori. Kwa kuzisoma alijifunza mambo ambayo mimi nisingeyajua nikiwa jikoni, kwa mfano kwamba kuku wa kuchomwa kwenye wavu hupunguza mafuta sana lakini chumvi haishuki kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa naye amelazwa kama mwenzake. Siku tatu katika tano sasa hubeba chakula kutoka nyumbani, na siku mbili hununua, akila nusu ya mkate wa juu na kuacha sosi.

Jumapili Chick-fil-A hufungwa, ndiyo desturi yao tangu siku za Truett Cathy, na sisi tumeifanya Jumapili kuwa siku ya sandwichi ya nyumbani. Vidari vinne hulazwa usiku kucha kwenye mtindi, maji ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, kwa maana uchachu wa mtindi nao hulainisha nyama kwa njia yake. Chumvi ni robo kijiko cha chai kwa vidari vyote vinne, ambayo ni sodiamu isiyofika miligramu 150 kwa kila mmoja. Unga nautia pilipili manga, bizari na paprika nyingi. Nakaanga kwenye kikaangio kirefu, natoa, nachuja palepale, naweka ndani ya mkate pamoja na kachumbari ya kabichi na nyanya iliyokamuliwa limau. Mkate ndio unaobaki na chumvi nyingi kuliko kitu kingine chochote hapo, na jumla yote hucheza kwenye 400. Mara ya kwanza Baba Salma alisema kuku amepooza, na alikuwa akisema kweli. Ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Mwezi wa pili hakusema tena, na namba ya Jumamosi ilishuka chini ya 140, kwa msaada wa vidonge vya daktari pia, sitaki kumnyima daktari haki yake.

Salma ana miaka 12. Ijumaa, akitoka shuleni, yeye na wenzake hupita kwenye mkahawa ulio njiani, na sandwichi ya kuku ndiyo wanayoinunua. Kwa umri wake wataalamu wa lishe wa hapa wameweka kikomo cha sodiamu miligramu 1,800 kwa siku, kidogo kuliko cha mtu mzima, wakati sandwichi anayouziwa ni ile ile ya baba yake. Sijamkataza. Nimemwonyesha ile sahani nyeupe yenye chumvi, nikampa mizani apime mwenyewe, na Ijumaa jioni mchuzi wetu huwa hautiwi chumvi kabisa.